Neno moja la Kiingereza, maana nyingi: jibu kwa mtunza depo wa Goma

«Jambo Mwalimu. Nina miaka 41, ninaishi Goma, na ninatunza depo ya shirika moja linalogawa vifaa kwa watu waliokimbia vita. Nilisoma kwa Kifaransa. Kiingereza nimejifunza shule ya jioni, kwa daftari lenye safu mbili: huku neno la Kiingereza, huku la Kifaransa. Ninajua mamia ya maneno kwa moyo, lakini ninaendelea kuaibika. Mwezi uliopita ofisi ya Nairobi iliniandikia kwamba depo yangu ina ankara tatu ‘outstanding’. Katika daftari langu neno hilo ni ‘bora sana’, nikajibu kwa kushukuru. Kumbe walisema ankara hizo hazijalipwa, na mwenye kutuletea maji alikwisha kusimamisha magari yake. Juma hilo hilo mkuu wangu aliniuliza kwa simu kama kuna turubai ‘left’, nikaenda kutazama rafu za kushoto. Je, kichwa changu kimezeeka? Mwalimu wetu wa jioni anasema kila neno lina maana moja ya asili, ukiishika umemaliza. Rafiki yangu anasema nikariri maana zote za kila neno. Nani yuko sahihi? Na nifanye nini kabla ya Septemba, ambapo kazi yote ya depo itaandikwa kwa Kiingereza?»

Ndugu yangu, barua yako ina hofu moja na swali moja, na ningependa tuvitenganishe. Hofu ni kwamba kumbukumbu yako imechoka. Swali ni la lugha: mtu afanye nini na neno linalogeuka kila anapokutana nalo? Hofu tunaweza kuimaliza upesi. Mtu aliyelikariri daftari zima na bado analijua hana kasoro ya kumbukumbu. Maana ya ‘outstanding’ uliyoikosa siku ile hukuisahau, haikuwahi kuandikwa humo. Kama ungeniambia kwamba unapotelewa na maneno ya Kiswahili uliyokua nayo, kwamba unatazama ndoo na jina lake haliji, ningekutuma kwa daktari leo, wala nisingekuandikia jibu refu. Lakini hukuniambia hivyo.

Tazama kosa lako lilivyokwenda. Kama barua ile ingekuwa na neno usilolijua kabisa, ungesimama, ungefungua kamusi au ungemwuliza mwenzako. Hukusimama kwa sababu neno ulilijua. Ndiyo sababu ninawaambia watu wa ofisini kwamba maneno magumu ya Kiingereza hayawaletei hasara kubwa, kwa kuwa yanajitangaza yenyewe; hasara huletwa na maneno mafupi ya kila siku, ambayo msomaji amekwisha kuyapa jibu moja na kuyafungia.

Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, David Swinney, alichapisha jaribio ambalo wanaisimu hulitaja hadi leo. Aliwasikilizisha watu sentensi zenye neno kama ‘bugs’, ambalo ni wadudu na vilevile ni vinasa sauti vya majasusi. Mara tu neno lilipotamkwa, wasikilizaji walitambua kwa wepesi maneno yanayohusiana na maana zote mbili, hata pale sentensi ilipokuwa imekwisha kuonyesha wazi kwamba wanaotajwa ni wadudu wenye miguu. Silabi chache baadaye, maana isiyohitajika ilikuwa imezimika. Kwa hiyo anayeimudu lugha haendi moja kwa moja kwenye maana sahihi kama tunavyodhani. Maana zote zinamjia, naye anaifukuza isiyofaa kwa kasi ambayo mwenyewe haioni. Wewe ulipoisoma barua ya Nairobi, ilikujia maana moja tu, na haikuwa na mpinzani.

Watu wengi huhitimisha hapo kwamba Kiingereza ni lugha isiyo na utaratibu. Sikubaliani nao, na ninadhani wanasema hivyo kwa kuwa hawaisikii lugha yao wenyewe. Katika Goma nzima hakuna mtoto aliyefundishwa orodha ya kazi za neno ‘piga’, na bado wote wanajua kupiga simu, kupiga pasi, kupiga picha, kupiga kura, kupiga magoti na kupiga hodi, wala hakuna anayedhani kwamba simu imepata kipigo. Ukisikia mama amepanda viazi, humwoni akikwea juu ya viazi. Ukisikia amepanda pikipiki, hufikirii shimo na mbolea. Na ukisikia bei ya makala, yaani makaa ya kupikia, imepanda, unashika mfuko wako. Kifaransa ulichosomea nacho ni hivyo hivyo. ‘Voler’ ni kuruka angani na ni kuiba, na ‘avocat’, ambayo ni wakili na ni parapachichi, unaweza kumlipa akutetee mahakamani au kulimenya mezani kwa chumvi. Mambo haya yote unayafanya kila siku bila kujikwaa, na uwezo unaoutumia ndio huo huo unaotakiwa kwa Kiingereza.

Tena hali hii ina kanuni yake. Mwaka 1945 Mmarekani George Kingsley Zipf alionyesha kwa hesabu kwamba maneno yanayotumika mara nyingi zaidi ndiyo yenye maana nyingi zaidi. Watu hawatungi neno jipya kwa kila jambo jipya. Wanachukua lililo karibu na mkono na kulinyoosha kidogo. Katika kamusi kubwa ya Oxford, kitenzi ‘run’ peke yake kimepewa maana zaidi ya 600, ilhali jina la ugonjwa wa nadra huwa na maana moja tu. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako, ukariri maana zote za kila neno, tuuweke kando kwa heshima. Hata Waingereza wenyewe hawajafanya hivyo.

Mwalimu wako wa jioni amesema jambo ambalo ni kweli nusu. Katika mtaa wowote wa Goma utawakuta akina Amani wawili wasio na udugu hata chembe. Wamegongana jina, basi. Kiingereza kina maneno ya namna hiyo, na ‘left’ yako ni mojawapo. ‘Left’ ya kushoto ilitokana na neno la kale lililomaanisha udhaifu, kwa kuwa mkono wa kushoto wa watu wengi una nguvu kidogo. ‘Left’ ya kilichobaki inatokana na kitenzi ‘leave’, yaani kuacha au kuondoka, katika wakati uliopita. Kadhalika ‘match’ ya kiberiti ilipitia Kifaransa cha kale, kwenye neno la utambi wa taa, ilhali ‘match’ ya mpira, na ya vitu vinavyolingana, ni neno la Waingereza wenyewe tangu zamani. Na ‘date’ ambayo ni tende ilianzia kwenye neno la Kigiriki la kidole, ilhali ‘date’ ambayo ni tarehe ni ya Kilatini, kutokana na barua za Warumi zilizoandikwa mahali na siku zilipotolewa. Ukitafuta asili moja ya akina Amani hawa utachoka bure. Wape kurasa mbili tofauti katika daftari lako, kama maneno mawili tofauti, kwa sababu ndivyo walivyo.

Kundi la pili ni la maana zilizozaliwa tumbo moja, na hapa mwalimu wako amekupa ufunguo mzuri. Chukua ‘outstanding’ yenyewe. Ni kusimama nje. Mwanafunzi anayesimama nje ya kundi, akaonekana kuliko wenzake, amesifiwa kwa neno hilo. Ankara ambayo bado imesimama nje ya hesabu zilizofungwa nayo inaitwa kwa neno hilo hilo, na hiyo haina sifa yoyote. Ukiishika picha ya kusimama nje, maana mbili zinazoonekana kupingana zinapatana.

‘Issue’ ni neno la depo kuliko maneno yote, kwa hiyo tukae nalo kidogo. Hata kama hukulitia akilini, umeliona mara nyingi kwa Kifaransa: katika majengo makubwa, juu ya mlango wa dharura, huandikwa ‘issue de secours’. Ni mlango wa kutokea. Asili ya neno ni hiyo, kutoka. Gazeti lililotoka leo ni ‘issue’ ya leo. Depo inapotoa mablanketi, ‘the store issues blankets’. Jambo lililojitokeza likadai kushughulikiwa ni ‘an issue’, na katika lugha ya wanasheria hata watoto waliotoka katika viuno vya mtu ni ‘issue’ yake. Sasa soma sentensi mbili zinazoweza kukufikia asubuhi moja: ‘Please issue 200 tarpaulins to the team’, na ‘There is an issue with the tarpaulins’. Ya kwanza inakuagiza utoe turubai 200. Ya pili inakuambia turubai zina tatizo, na pengine itafaa usitoe hata moja mpaka upige simu. Neno halikubadilika herufi. Katika sentensi ya kwanza limefuata ‘please’, na nyuma yake kuna idadi na kitu, kwa hiyo ni kitenzi, ni agizo la kutoa. Katika ya pili limetanguliwa na ‘an’ na kufuatwa na ‘with’, kwa hiyo ni nomino, ni jambo lililojitokeza. Mwanaisimu Mwingereza John Rupert Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao, na sijaona ushauri mfupi unaomsaidia mwanafunzi kuliko huo. Kabla ya kuuliza neno lina maana gani, tazama kilicho mkono wake wa kulia na wa kushoto.

‘Charge’ utaipata kwa urahisi zaidi, kwa kuwa Kifaransa kimekuandalia njia. Kwa Kifaransa lori hupakiwa na simu huchajiwa kwa kitenzi kimoja, ‘charger’, na asili yake ya Kilatini ni kupakia mzigo kwenye gari. Beba picha ya mzigo uende nayo kwenye Kiingereza. Betri inapakiwa umeme. Mteja anapakiwa malipo, na hapo ‘charge’ hufuatwa na bei. Mshukiwa anapakiwa tuhuma, na hapo hufuatwa na ‘with’: ‘he was charged with theft’. Mkuu wa depo naye amebeba mzigo wa wajibu, ‘he is in charge of the store’. Geuza mzigo uwe wa kushushwa, utapata ‘discharge’: bidhaa kushushwa melini, mgonjwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, mwanajeshi kuachishwa kazi, na hata usaha unaotoka kidondani. Huna haja ya kukariri orodha hii. Unahitaji kuuona mzigo, kisha uangalie nani ameubeba.

Kifaransa kimo ndani ya Kiingereza kiasi hiki kwa sababu mwaka 1066 William, mtawala wa Normandia, aliiteka Uingereza, na baada yake Kifaransa kikawa lugha ya ikulu na mahakama kwa takriban karne tatu. Kwa msomi wa Kongo huo ni urithi mkubwa, na mara nyingi unasaidia. Lakini baada ya kuachana, kila upande uliendelea kuyanyoosha maneno kwa njia yake, na hapo ndipo safu ya pili ya daftari lako inapokudanganya. Ukiandikiwa ‘Please attend to this today’, sikio lililosoma Kifaransa husikia ‘attendre’, likasubiri. Aliyeandika alitaka jambo lishughulikiwe leo hii, na siku ya pili anashangaa kwa nini umekaa. Ondoa ‘to’, ukabaki na ‘attend the meeting’, na sasa ni kuhudhuria mkutano. Katika maana hizo mbili hakuna hata moja ya kusubiri.

Kuna neno moja ambalo siwezi kulipita, kwa sababu ya kazi yako. Jina la kazi yako kwa Kifaransa, ‘magasinier’, limetokana na ‘magasin’, nalo lilitoka kwenye neno la Kiarabu la maghala, ambalo mzizi wake ndio uliotupatia ‘hazina’ katika Kiswahili. Kwa Kiingereza likawa ‘magazine’. Mwanzoni lilikuwa ghala, hasa la baruti. Mwaka 1731 mchapishaji mmoja wa London akaliweka kwenye jalada la jarida lake, kwa maana ya ghala la maandishi, na leo ni jarida kwa watu wengi, na ni kisanduku cha risasi cha bunduki kwa askari. Ikiandikwa kwamba kwenye gari imekutwa ‘a magazine’, usikimbilie kutafsiri kabla ya kujua gari lilikuwa la nani.

Juu ya sauti nitasema machache. Yako maneno ambayo macho huyaona mamoja, lakini sikio huyatenganisha: ‘record’ ikiwa nomino, yaani kumbukumbu iliyoandikwa, mkazo huwa kwenye silabi ya kwanza, ikiwa kitenzi, yaani kurekodi, mkazo huhamia ya pili. ‘Contract’, ‘import’ na ‘present’ hufuata mwendo huo huo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, kwa hiyo masikio yetu hayana desturi ya kutafuta maana humo, na maneno yenye silabi mbili tunayatamka yote kama nomino. Ukiwa kwenye simu, jizoeze kusikiliza mahali mkazo ulipo. Si jambo la mapambo.

Sasa njia ya kufuata hadi Septemba. Usilitupe daftari lako, ila acha kuongeza safu mbili. Andika sentensi nzima, na iwe sentensi iliyowahi kufika mezani kwako. Kusanya barua za miezi michache iliyopita, hati za usafirishaji na fishi za stoki, yaani kadi za hesabu ya mali, zilizojazwa kwa Kiingereza, kisha tafuta humo maneno mafupi unayodhani unayajua. Utaona yanarudi yale yale. ‘Due’ itakuja mara nyingi: ‘payment is due’ ni malipo yanapaswa kufanywa, ‘the truck is due on Monday’ ni lori linatarajiwa Jumatatu, ‘due to rain’ ni kwa sababu ya mvua. ‘Clear’ nayo itakuja, na bidhaa zikiwa ‘cleared’ ujue zimekwisha kupitishwa na forodha; hakuna aliyezifuta vumbi. ‘Leave’ huenda ikawa kuondoka, au likizo yako ya mwaka. Kwa kila neno andika sentensi mbili au tatu za kazi yako, ukome hapo. Maana za mashairi na za michezo ya Waingereza zitakuja siku nyingine, au zisije.

‘Run’ ninaitenga, kwa kuwa mara nyingi maana yake hubebwa na neno dogo linaloifuata. Jenereta ‘runs’, yaani inafanya kazi. Barabara ‘runs’ kutoka Goma hadi Rutshuru. Mtu ‘runs’ ofisi, yaani anaiendesha. Katika hayo yote kitu kinakwenda mfululizo. Lakini ‘we have run out of soap’ ni sabuni imetuishia, na ‘run over’ ni hatari zaidi: mkutano uki-‘run over’ umezidi muda wake, gari liki-‘run over’ mtu limemkanyaga. Vitenzi vya aina hii viandike pamoja na mkia wake, kama neno moja. Anayejifunza ‘run’ peke yake na ‘out’ peke yake hatapata sabuni iliyokwisha, hata akiviweka pamoja usiku kucha.

Kuhusu vifaa vya kujifunzia, kila kimoja kina ubovu wake. Kamusi ya Kiingereza na Kifaransa ni ya haraka, lakini mara nyingi hukupa maneno sita yaliyotenganishwa kwa alama za mkato, bila kukuambia lipi linafaa wapi, nawe unachukua la kwanza. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi ni bora kwa mtu wa kiwango chako. Baadhi ya kamusi hizo hutoa maelezo yote kwa maneno ya kawaida yapatayo 2,000, na kila maana ina mfano wake. Ndani yake, anza na alama inayoonyesha kama neno ni nomino, kitenzi au kivumishi, kisha soma mifano kabla ya kusoma maelezo, na usisimame kwenye namba 1. Programu ya kutafsiri kwenye simu inafaa ukiipa aya nzima. Ukiipa neno moja inabahatisha kama wewe. Ninakushauri utafsiri kwenda Kifaransa na si Kiswahili, kwa sababu Kiswahili cha programu hizo kimeegemea zaidi Tanzania na Kenya, na kwa Kifaransa wewe mwenyewe utaona haraka mahali ilipoteleza.

Kamusi na programu haziwezi kukupa kitu kimoja, nacho ni kushtuka. Jifunze kushtuka pale sentensi isipoendana na mambo ya duniani. Ofisi ya fedha haiandiki barua kutoka Nairobi kusifu uzuri wa ankara. Ukiona jambo la namna hiyo, usianze kushuku neno geni. Shuku lile ulilolizoea kuliko yote katika sentensi, na ulitafutie maana ya pili.

Kuna maneno machache ambayo hata mshtuko hauyatoshi, kwa kuwa maana zake mbili zinapigana na zote zinaweza kuingia katika sentensi moja. ‘Oversight’ ni usimamizi, na pia ni jambo lililopitwa kwa kutoangalia. Ripoti ikisema ‘an oversight in the store’, imekulaumu, haikukupandisha cheo. ‘Sanction’ ni kuidhinisha na pia ni kuadhibu. ‘To table’ jambo mkutanoni, kwa Mwingereza ni kulileta lijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuliweka kando, na katika shirika lenye watu wa nchi zote mbili nimeona ajenda ikigombaniwa na watu waliokuwa wanakubaliana. Hapa hakuna ufundi wa kusoma utakaokuokoa. Uliza. Na unapouliza, usiseme kwamba hukuelewa, maana utarudishiwa sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Toa maana zote mbili mwenzako achague, kwa mfano: ‘Do you mean unpaid, or very good?’ Swali la namna hiyo linaonyesha kwamba unaijua lugha.

Yako mambo ambayo hupaswi kuyaamulia kwa kamusi, hata ukiwa umefika mbali. Mkataba wa kazi au wa manunuzi ni la kwanza, kwa sababu katika lugha ya sheria maneno ya kila siku huvaa maana za pekee: ‘consideration’, ambayo kwingine ni kufikiria au kujali, katika mkataba wa Kiingereza ni kile ambacho kila upande unatoa ili upate cha mwenzake, na ‘execute’ ni kutia sahihi au kutekeleza, si kuua. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi yetu kwa Katiba ya mwaka 2006, hivyo kuomba nakala ya Kifaransa si utovu wa adabu; omba pia iandikwe ni nakala ipi itakayofuatwa zikitofautiana, kisha mpe wakili azisome zote mbili. Karatasi za hospitali ni la pili. Majibu ya kipimo yakiwa ‘positive’, mara nyingi maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana, na hiyo huenda ikawa habari mbaya. Mpelekee daktari au muuguzi anayesoma Kiingereza akueleze ana kwa ana, hasa kabla ya kumeza dawa yoyote. La tatu ni karatasi yoyote ya polisi au ya forodha inayotaja jina lako pamoja na ‘charge’.

Kwa miezi iliyobaki, ningekuomba umwendee mwalimu wako wa jioni na karatasi zako za depo badala ya kusubiri somo la kitabu, maana mtu aliye mbele yako husikia unapoweka mkazo na huona unapositasita, mambo ambayo mimi siwezi kuyafanya kwa maandishi. Na kuanzia Septemba, ombeni ofisini kwamba kwa muda wa mwanzo kila agizo la kutoa mali lisomwe na watu wawili kabla ya lori kupakiwa, na kwamba idadi na jina la kifaa viandikwe kwa Kiingereza na Kifaransa kwenye fishi ile ile.